Riba ya Hatifungani za Manispaa katika Ritani ya Kodi ya Jimbo (Marekani)

Riba ya hatifungani za manispaa ni malipo anayopata mtu aliyeikopesha serikali ya jimbo, mji au mamlaka ya umma nchini Marekani fedha za kujengea shule, barabara au miradi ya maji. Kwa kawaida riba hiyo haitozwi kodi ya mapato na serikali ya shirikisho, msamaha uliokuwamo tangu sheria ya kodi ya mwaka 1913. Msamaha huo hauyafungi majimbo; kila jimbo lina sheria na ritani yake.

Kanuni za majimbo

Majimbo mengi husamehe riba ya hatifungani zao wenyewe na kutoza ya majimbo mengine. Mwaka 2008, katika kesi ya Idara ya Mapato ya Kentucky dhidi ya Davis, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba utaratibu huo hauvunji Katiba. Illinois hutoza hata riba ya hatifungani zake nyingi, ilhali Texas na Florida hazina kodi ya mapato ya watu binafsi. Riba ya hatifungani za Puerto Rico na Guam husamehewa katika majimbo yote.

Ujazaji

Benki au dalali humpa mlipakodi hati ya 1099-INT, ambayo kisanduku chake cha 8 huonyesha jumla ya riba iliyosamehewa. Jumla hiyo huandikwa katika mstari wa 2a wa fomu 1040, yaani ritani ya shirikisho, ingawa haitozwi. Ritani ya jimbo hufuata. Kwa mfano, mkazi wa New York aliyepata dola 600 kutokana na hatifungani za jimbo lake na dola 400 za New Jersey huandika 1,000 katika mstari wa 2a, kisha huongeza 400 katika mstari wa 20 wa fomu IT-201 ya New York.

Mifuko ya pamoja

Mfuko wa uwekezaji huweza kumiliki hatifungani za majimbo kadhaa. Mwekezaji huhitaji taarifa ya mwaka ya mfuko inayotaja mgawo wa kila jimbo. California husamehe mgawo wake pale tu ambapo angalau nusu ya mali za mfuko ni hatifungani ambazo riba yake California haiitozi.

Kisanduku cha 8 hakitenganishi majimbo. Wajibu wa kutenganisha ni wa mlipakodi mwenyewe, na taarifa za dalali na za mfuko zinapaswa kuhifadhiwa pamoja na nakala ya ritani.