Kutoka Veracruz hadi Gondokoro: Askari wa Kisudani katika Vita vya Meksiko, 1863–1867

Karibu na Juba ya leo, kwenye ukingo wa mashariki wa Nile, palikuwa na kituo cha Gondokoro. Mwaka 1871 Samuel Baker alipandisha hapo bendera kwa niaba ya Ismail, mtawala wa Misri, akakiita Ismailia. Kituo hicho kimezoeleka kusimuliwa kwa jicho la Baker. Makala haya yanawatazama askari waliosimama nyuma yake, kwani Baker mwenyewe aliandika kwamba katika kikosi chake cha Wasudani walikuwamo maafisa na askari waliokwisha kupigana Meksiko pamoja na Wafaransa.

Walifikaje huko? Napoleon III alikuwa amejiingiza katika ugomvi wa Wameksiko wenyewe kwa wenyewe, akitaka kumng'oa Rais Juárez. Askari wake wa Ulaya walikuwa wakiteketea kwa homa ya manjano katika pwani ya Veracruz, naye akamwomba Said Pasha wa Misri askari weusi, akidhani miili yao inahimili homa hiyo. Januari 1863 askari wasiofikia 450 walipakiwa melini Alexandria. Said alifariki siku chache baadaye, asijue hatima yao. Miezi michache tu baada ya kufika, kamanda wao, Bimbashi Jabarallah Muhammad, aliuawa na homa ileile waliyodhaniwa kuihimili. Muhammad Almas akashika nafasi yake. Kazi yao kubwa ikawa kulinda mji wa Veracruz na njia ya reli.

Miongoni mwao alikuwamo Ali Jifun, Mshiluk wa Fashoda, ambayo sasa ni Kodok. Alitekwa na Wabaggara, akakabidhiwa serikali kama sehemu ya kodi, kisha akavishwa sare. Miaka hiyohiyo, kaskazini ya Meksiko, Waayalandi waliohamia Marekani walikuwa wakipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Nao walisukumwa na njaa na ufukara, lakini wengi walijiandikisha kwa malipo, na nchi waliyoipigania ilikuwa tayari imekuwa makao yao. Ali hakuhama, alihamishwa. Kwa sababu hiyo siafiki wanaomweka katika fungu la mamluki, kwani mamluki huuza kilicho chake.

Mwaka 1867 waliosalia walipitishwa Paris, wakakaguliwa na Napoleon na kutunukiwa medali. Huko Querétaro, mwezi Juni, Maximilian aliyekuwa amewekwa na Wafaransa kuwa mfalme alipigwa risasi. Askari waliporejea Misri walipandishwa vyeo. Kwao hawakurudishwa. Wengine ndio hao waliopelekwa Gondokoro, safari hii wakiwa upande wa wenye kuteka nchi za watu weusi wenzao, jambo ambalo wasifu wa kijeshi hupenda kulipita kimya.

Kumbukumbu za Ali zilichapishwa London mwaka 1896 katika jarida la Cornhill. Alizisimulia kwa Kiarabu, lugha aliyoikuta utumwani, naye Machell, afisa Mwingereza, akaziandika kwa Kiingereza. Kishiluk hakimo. Msomaji apimaye uaminifu wake kwa jeshi hana budi kukumbuka kwamba msikilizaji wake wa kwanza alikuwa mkubwa wake.

Baada ya Baker, ngome za Ekwatoria zilirithiwa na Gordon, kisha Emin Pasha. Uasi wa Mahdi ulizikatia njia ya kaskazini, na mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Selim Bey kutoka Kavalli hadi Uganda. Ndio chimbuko la Wanubi wa Bombo na Kibera. Kinubi chao na Kiarabu cha Juba vimetokana na lugha moja ya kambini. Majeshi ya kikoloni ya Waingereza na ya Wajerumani, yote yakiwa yameajiri Wasudani, yaliingiza katika Kiswahili vyeo vya jeshi la Misri vyenye asili ya Kituruki: bimbashi, shaushi, ombasha. Cheo cha Ali mwenyewe, efendi, askari wa Afrika Mashariki wanakitamka hadi leo kila wamwitapo mkubwa wao: afande.