Barabara ya Mateka

Kila niteremkapo ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Limuru kuelekea Naivasha, mlima Longonot ukichomoza mbele, husikia abiria wakisema kwamba mandhari hii imewateka nyoyo. Kitenzi hicho hunirejesha katika historia. Barabara hii ya Mai Mahiu ilijengwa na mateka: askari wa Italia waliotiwa mbaroni na Waingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baada ya dola yao ya Afrika Mashariki kuporomoka mwaka 1941. Kando ya barabara wakajenga pia kanisa dogo la mawe, mwaka 1942, nalo lingali limesimama.

Twateka maji kisimani, twateka watu vitani, na uzuri nao hututeka. Kitenzi ni kilekile, ila hali si moja. Sisi husimama, tukapiga picha, kisha tukashika njia tuitakayo. Wale walioichonga njia hii mlimani hawakuwa na ruhusa ya kuifuata hadi kwao. Msomaji, upitapo hapo, kabla hujatekwa na bonde, wakumbuke waliotekwa kwanza.