Ubishi wa semina: hivi Korea Kusini iliendelezwa na dikteta?

Mwenzenu nilipotea kidogo, si kwa kupenda, ni majaribio ya katikati ya muhula, si mnajua tena. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu Alhamisi.

Tulikuwa kwenye semina ya historia, mada ni nchi zilizokuwa maskini kama sisi halafu zikatuacha kwenye mataa. Kama kawaida ikatajwa Korea Kusini. Jamaa yangu mmoja, kichwa kweli kweli, akasimama: "Tusidanganyane. Wale waliendelea kwa sababu walipata dikteta mwenye akili. Demokrasia ilikuja baadaye, watu wakiwa wameshashiba." Chumba kizima makofi. Mimi nikanyoosha mkono, nikapewa nafasi, nikaongea vitu ambavyo hata mwenyewe sikuvielewa, nikakaa. Aibu niliyoipata siku hiyo acha tu.

Nikaona nisipolitafutia jibu hili sasa, mwakani nitasimama mbele ya kidato cha nne na chaki mkononi, niwahadithie watoto wa watu hadithi hiyohiyo. Basi wiki nzima nimekuwa mkaazi wa maktaba.

Kwanza nimpe jamaa haki yake. Dikteta anayemsema ni Jenerali Park Chung-hee, aliyepindua serikali Mei 16, 1961 na kutawala miaka 18. Mwaka 1964 nchi nzima iliuza nje bidhaa za dola milioni 100 hivi, nguo, mbao za plaiwudi na mawigi (ndiyo, mawigi, nywele za kinamama zilikatwa zikaenda Marekani). Mwaka 1977 zikafika dola bilioni 10. Barabara kuu ya Seoul hadi Busan ilifunguliwa 1970, kiwanda cha chuma cha Pohang kikaanza kuyeyusha chuma 1973. Hayo siyo porojo, yapo.

Ila hata hapo kuna vitu vinarukwa. Mashamba ya makabaila yaligawiwa wakulima kuanzia 1950, kabla ya Park. Shule za msingi nazo zilijengwa kwa fujo miaka hiyohiyo ya hamsini. Misaada ya Marekani ilimwagika, Japani ikatoa dola milioni 300 za ruzuku na 200 za mikopo baada ya mkataba wa 1965, na vijana zaidi ya laki tatu wa Korea wakapelekwa kupigana Vietnam, nchi ikapata fedha na zabuni. Kama mkono wa chuma peke yake ungetosha, Mobutu alikaa nao miaka 32, na Zaire yake tunajua ilivyoishia.

Lakini shida yangu kubwa siyo chuma wala barabara. Shida ni lile neno "baadaye".

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1948 rasi ya Korea iligawanyika ikawa nchi mbili, vita ikapigwa kuanzia Juni 1950 hadi Julai 1953, na mpaka leo waliyonayo ni makubaliano ya kusitisha vita tu, siyo mkataba wa amani. Huko kaskazini ukoo mmoja umetawala tangu mwanzo, babu, baba na sasa mjukuu. Kwa kusini, uwepo wa yule jirani ukawa fimbo ya kila mtawala: ukimpinga, wewe mkomunisti. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1948 bado ipo kwenye vitabu vyao.

Rais wa kwanza wa kusini, Syngman Rhee, alifanya uchaguzi Machi 15, 1960 na kura zikaibwa mchana kweupe. Watu wa mji wa Masan wakaandamana siku ileile, polisi wakafyatua. Karibu mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, mwili wa mwanafunzi wa sekondari, Kim Ju-yul, ulionekana ukielea bandarini, bomu la machozi limenasa jichoni. Aprili 19 wanafunzi wa Seoul wakamiminika kuelekea ikulu, wakapigwa risasi. Waliokufa katika vuguvugu lile ni zaidi ya 180. Aprili 25 wakaingia barabarani maprofesa wenyewe. Kesho yake Rhee akajiuzulu, na baada ya muda mfupi akakimbilia Hawaii.

Sasa angalieni mwaka. 1960! Korea ilikuwa maskini wa kutupwa, na watu walikuwa na njaa. Hawakusubiri kushiba. Demokrasia waliidai wakiwa na njaa, wakaipata, wakakaa na serikali ya bunge kwa miezi michache tu, ndipo Park akaja na vifaru akaichukua. Kwa hiyo dikteta hakuitangulia demokrasia, aliikatiza. Hiki ndicho nilichotakiwa kukisema Alhamisi badala ya kubwabwaja.

Na hao "walioshiba" chini ya Park ni akina nani? Kulikuwa na kijana anaitwa Chun Tae-il, fundi nguo kwenye soko la Pyeonghwa, Seoul. Wasichana wadogo walishona humo saa 14 na zaidi kwa siku kwenye vyumba vya dari fupi, hata kusimama wima haiwezekani. Chun akagundua nchi ina sheria nzuri kabisa ya kazi, ila hakuna anayeifuata. Akaandika barua, akapeleka malalamiko ofisini, wapi. Novemba 13, 1970 akajimwagia mafuta akajiwasha moto, akipiga kelele kwamba wafanyakazi si mashine. Alikuwa na miaka 22. Umri wetu jamani.

Mwaka 1971 Park alimshinda Kim Dae-jung kwa shida. Hakutaka tena kuonja presha ile, Oktoba 1972 akatangaza sheria ya kijeshi na kuandikisha katiba mpya inayoitwa Yushin: rais asiyechaguliwa na wananchi moja kwa moja, asiye na ukomo, na anayepanga theluthi ya Bunge. Kim Dae-jung alitekwa hotelini Tokyo 1973 na majasusi, akanusurika kuuawa. Aprili 1975 watu wanane walinyongwa ndani ya saa 24 baada ya rufaa yao kutupwa. Mwaka 2007 mahakama ikasema hawakuwa na hatia. Wamefia bure miaka 32. Park mwenyewe alipigwa risasi mezani, wakati wa chakula cha usiku, na mkuu wake wa usalama, Oktoba 26, 1979.

Mtu angedhani yameisha. Desemba ileile Jenerali Chun Doo-hwan akalishika jeshi, na Mei 17, 1980 sheria ya kijeshi ikasambazwa nchi nzima, Bunge likafungwa na wanajeshi. Kesho yake asubuhi, getini kwa Chuo Kikuu cha Chonnam mjini Gwangju, wanafunzi walikuta askari wa miavuli wamezuia njia. Wakapigwa marungu. Wapita njia waliouliza kulikoni nao wakapigwa. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nifunge kitabu kwanza nikatembee: mji mzima uliingia. Mei 20 madereva wa teksi na mabasi walipanga magari yao wakawasha taa wakaja polepole kuwakabili askari. Mei 21 jeshi likafyatulia umati mbele ya ofisi ya mkoa, wananchi wakachukua bunduki za polisi, jeshi likatoka mjini. Siku kadhaa Gwangju ikajiendesha. Kinamama wakafinyanga matonge ya wali wakigawa mitaani, watu wakapanga foleni kuchangia damu. Alfajiri ya Mei 27 vifaru vikarudi, na waliobaki ndani ya ile ofisi, wengi vijana, walijua kinachokuja. Raia zaidi ya 160 walikufa katika siku zile.

Gwangju iko Jeolla, nyumbani kwa Kim Dae-jung, mkoa ambao viwanda vya Park viliupitia kushoto. Ndiyo maana hata leo ukiangalia ramani ya kura Korea, Jeolla na Gyeongsang ni kama nchi mbili.

Miaka saba Gwangju ilisemwa kwa kunong'ona. Januari 1987 mwanafunzi Park Jong-chul akafia mikononi mwa polisi waliomzamisha kichwa majini. Polisi wakasema walipiga meza tu, kijana akashtuka akafa. Hebu fikirieni uongo wa namna hiyo. Juni 9 mwingine, Lee Han-yeol wa Chuo Kikuu cha Yonsei, akapigwa na bomu la machozi kichwani, akafariki Julai. Safari hii na wafanyakazi wa maofisini wenye tai walitoka barabarani. Juni 29 serikali ikakubali: rais achaguliwe na wananchi. Katiba ikapigiwa kura Oktoba, muhula mmoja wa miaka mitano, basi.

Halafu Desemba wapinzani wawili, Kim Young-sam na Kim Dae-jung, wakagombea wote, kura zikagawanyika, akashinda rafiki wa Chun, Roh Tae-woo, kwa asilimia 36 na ushee. Ukisoma unaweza kulia. Walimu nao walipoanzisha chama chao 1989 walifukuzwa kazi kama 1,500, na hakikutambulika kisheria hadi 1999 (sisi wa ualimu tulielewe hilo vizuri). Lakini mwaka 1996 Chun na Roh walisimama kizimbani, ingawa baadaye walisamehewa, na 1997 Kim Dae-jung akachaguliwa kuwa rais.

Yote hayo yakapimwa usiku mmoja, Desemba 3, 2024. Saa nne na nusu usiku Rais Yoon Suk-yeol akatokea kwenye televisheni kutangaza sheria ya kijeshi, ya kwanza tangu zama za Chun. Helikopta zikashusha askari bungeni. Lakini raia walishafika getini, wengine wazee waliokuwa wanafunzi 1987, wakawazuia askari kwa mikono mitupu. Spika aliruka uzio, na ana miaka sitini na kitu. Kufikia saa saba usiku wabunge 190 kati ya 300 walikuwa ndani, na wote 190 wakapiga kura ya kuifuta. Alfajiri Yoon akaiondoa. Aprili 4, 2025 majaji wote wanane wa Mahakama ya Katiba wakamvua urais, na hukumu ikasema wazi kwamba Bunge liliwahi kwa sababu ya wananchi waliokataa, na askari waliotekeleza amri kwa kusuasua.

Mei 1980 Bunge lilifungwa likafungika. Desemba 2024 halikufungika. Wiki ileile Han Kang, mzaliwa wa Gwangju aliyeandika riwaya juu ya wafu wa mji wake, alikuwa Stockholm kuchukua Tuzo ya Nobel.

Jana nikamkuta jamaa kwenye foleni ya chakula nikamwaga yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme ukweli. Halafu akaniambia, "Sawa, ila kiwanda cha chuma ni cha Park." Tukabishana mpaka wali ukaisha tukala ugali. Alhamisi hii zamu ni ya Ghana, na mwasilishaji ni yeye.