Rangi ya Kamera za Zamani: Kutoka Shaba hadi Plastiki Chini ya Jua la Serengeti

Kamera zilizofika Afrika Mashariki katika karne ya 19 zilikuwa masanduku ya mbao ngumu yenye bawaba na vishikizo vya shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na kwa kuwa rangi yake ilikuwa ile ile ya mti na madini yaliyoziunda, kipande kilichovunjika kilimhitaji seremala au mfua shaba, wala si mchanganyaji wa rangi. Hali hiyo ilibadilika kamera zilipoanza kutengenezwa viwandani kwa makasha ya madini yaliyopakwa rangi, na Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925 ikiwa nyeusi, iliufanya weusi uonekane kuwa ndiyo sura halisi ya kamera. Pale ambapo chini ya rangi hiyo palikuwa na shaba ya njano, mikono ya mwenye kamera ililamba rangi kwenye pembe mwaka hadi mwaka mpaka umanjano ukachomoza, na leo wakusanyaji wa kamera za zamani huuthamini mchubuko huo kama ushahidi wa kazi iliyofanyika.

Ndani ya kamera, weusi una kazi ambayo haihusiani na urembo hata kidogo. Mwanga unaoingia kupitia lenzi hupiga kuta za chumba cha filamu kabla ya kufika mahali pake, na ukuta unaong'aa huurudisha mwanga huo juu ya filamu na kuifanya picha ipauke, ndiyo maana watengenezaji hupaka ndani rangi nyeusi isiyo na mng'ao. Anayetengeneza kipande kipya cha kuelekea ndani hana budi kulinganisha mng'ao kabla ya kulinganisha weusi wenyewe, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau kwa sababu jicho la mteja hutazama nje tu.

Plastiki iliingia katika historia hii kupitia bakelaiti, plastiki ngumu iliyobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1934 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ndogo ya bei nafuu iitwayo Baby Brownie, ambayo kasha lake la bakelaiti lilikuwa na rangi iliyochanganywa ndani ya mata yenyewe, hivyo mkwaruzo haukufichua rangi nyingine chini yake, ingawa kamera iliyoanguka sakafuni iliweza kupasuka kama chungu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwaka 1976 na kamera ya Canon AE-1, ambayo sehemu yake ya juu, ingawa wengi waliishika wakidhani ni chuma, ilitengenezwa kwa ABS, plastiki yenye viambato vitatu ambavyo kimojawapo, butadieni, huipa ustahimilivu wa mpira. Plastiki hiyo ilivishwa utando mwembamba wa madini kwa njia ya umeme ikapata sura ya fedha, au ilipakwa rangi nyeusi. Kamera hiyo iliuzwa kwa mamilioni duniani, na udhaifu wake unaojulikana sana ni ulimi mdogo wa plastiki unaofunga kifuniko cha betri, ambao ukikatika betri haigusi tena vituo vya umeme na kamera nzima husimama, hata kama lenzi na shata bado ni nzima kabisa.

Kifuniko hicho chenye ukubwa wa ncha ya kidole ndicho kinachoonyesha vizuri ugumu wa kazi yenyewe. Siku hizi kinaweza kuchapwa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu kwa kuweka tabaka juu ya tabaka la plastiki iliyoyeyushwa, lakini plastiki inayotumika sana katika printa hizo, PLA, hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi, joto linaloweza kufikiwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani, kwa hiyo fundi mwangalifu huchagua ABS, ambayo hustahimili hadi karibu nyuzi 100. Mistari ya tabaka huondolewa kwa msasa laini wenye maji, kipande huoshwa kwa sabuni ili mafuta ya vidole yatoke, kisha hupakwa rangi ya awali inayoshika plastiki. Tina yenye asetoni haifai hapa, kwa sababu asetoni huyeyusha ABS na kuuharibu uso uliokwisha kulainishwa kwa subira.

Baada ya hapo ndipo rangi yenyewe inapoanza kusumbua. Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani, alichapisha mwaka 1905 mfumo unaoieleza kila rangi kwa vipimo vitatu, ambavyo ni aina yake, weupe au weusi wake, na ukali wake, na mafundi wa rangi za magari bado hufikiri kwa namna hiyo hiyo hata pale wanapochanganya kwa macho bila kifaa chochote. Vipimo hivyo havitoshi kwa rangi ya fedha, kwa sababu ndani yake mna vipande vidogo mno vya alumini vinavyolala kwa namna tofauti kulingana na umbali wa bomba la kupulizia na wingi wa rangi, kiasi kwamba kopo moja linaweza kutoa fedha mbili zisizofanana. Zaidi ya hayo, rangi mbili zilizochanganywa kwa viambato tofauti huweza kufanana kabisa chini ya taa ya karakana na kuachana zikitolewa nje, kwa sababu kila mwanga una mchanganyiko wake wa rangi, na kila kiambato hurudisha sehemu tofauti ya mchanganyiko huo.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi katika mahali kama Genkuru, mkoani Mara, chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta, ambako jua la mchana huwa karibu utosini na rangi haina kivuli cha kujifichia. Ni katika ukanda huo huo wa Mto Mara ambako wageni wenye lenzi ndefu hujipanga kati ya Julai na Oktoba, upande wa Kogatende ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kungoja nyumbu wavuke. Nyingi kati ya lenzi hizo ni nyeupe, na sababu yake ni joto. Mwaka 1969 Canon ilianza kutumia katika lenzi zake fuwele za floraiti zilizotengenezwa na binadamu, ambazo huzuia rangi kutawanyika kwenye kingo za picha lakini hutanuka upesi zikipata joto, na kasha jeupe hurudisha sehemu ya miale ya jua ambayo kasha jeusi lingeimeza.

Weupe huo nao umebadilika kadiri miaka ilivyopita. Lenzi za miongo iliyopita zina weupe unaoelekea rangi ya maziwa yaliyochemshwa, na mwaka 2018 kampuni hiyo ilileta rangi mpya iliyo nyeupe zaidi ili kupunguza joto, kwa hiyo anayetafuta rangi ya kipande cha lenzi ya zamani hawezi kuitegemea lenzi mpya kama kielelezo. Plastiki yenyewe pia hubadilika, kwani miale mikali ya jua huishambulia ile butadieni iliyomo katika ABS na kuifanya plastiki nyeupe igeuke manjano, huku sehemu iliyofunikwa na mkanda au mfuniko ikibaki kama ilivyotoka kiwandani. Fundi hulazimika basi kuamua kama atalinganisha na rangi ya kuzaliwa au na rangi ya uzee, na uamuzi wenye busara ni huu wa pili, maana kipande chenye upya wa kiwandani katikati ya kasha lililozeeka huvuta jicho kuliko ufa uliokuwapo.

Ni vigumu kuitaja Serengeti na kamera bila kumkumbuka Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani waliohesabu wanyama wa hifadhi hiyo na kupiga filamu ya rangi iliyotunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ndege yao ndogo aina ya Dornier ilipakwa milia ya pundamilia, na ndiyo ambayo Michael alianguka nayo na kufariki tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na tumbusi. Milia hiyo inajulikana mpaka leo kwa wengi wasioweza kueleza kamera zilizokuwa ndani ya ndege zilikuwa na sura gani, na hilo ni hasara, kwa kuwa vyombo vilivyoifanya dunia iione Serengeti vinastahili kutunzwa kwa uangalifu ule ule unaopewa picha zake.

Kuhusu utunzaji huo, wahifadhi wa makumbusho hushikilia kanuni ambayo mafundi wa kamera wangefaa kuifuata, kwamba kipande kipya kisionekane kwa mtazamaji aliye hatua chache mbali lakini kitambulike na mtaalamu akikishika mkononi. Kwa kifuniko cha betri, kanuni hiyo hutimizwa kwa kuupaka rangi uso wa nje peke yake na kuuacha upande wa ndani wazi, ukiwa umeandikwa mwaka wa matengenezo na majina ya rangi zilizochanganywa pamoja na viwango vyake, ili atakayekifungua baadaye ajue kilichofanywa na aweze kukirudia kipande hicho kikivunjika tena.