Burnt Forest: historia fupi ya mji wa barabarani

Agosti 15, 2024, Rais William Ruto aliikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Mengi yameandikwa tangu hapo kuhusu Sisibo, yaani Shamba Nambari 64, palipofunguliwa posta mwaka 1910 na kuota mji wa Eldoret. Machache yameandikwa kuhusu Burnt Forest, yapata kilomita 35 ukiishika barabara ya Nakuru, ingawa anayetoka Nairobi kwa gari kwenda kulishangaa jiji hilo jipya hupita hapa kwanza.

Wachina huwapeleka wageni wao Fenghuang, mkoani Hunan, mji wa kale ambao nyumba zake za mbao zimesimama juu ya nguzo ukingoni mwa maji. Wenyeji wake waliishi kwa kile kilichopita mbele ya milango yao. Burnt Forest nayo imeishi hivyohivyo, ila mto wake ni barabara. Nyumba za kale za kupigiwa picha hatuna. Tuna maduka ya mabati, ukungu wa asubuhi, baridi ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na soko.

Jina lenyewe husimuliwa kwa ufupi: msitu uliungua, na wasafiri wa mwanzo wa ukoloni wakapatambulisha mahali hapa kwa magogo meusi yaliyobaki. Uwanda ulikuwa na wenyewe kitambo kabla ya hapo. Wasirikwa waliacha mashimo yao ya duara, ambayo bado huonekana hapa na pale Uasin Gishu. Wamaasai walioupa uwanda jina walivunjwa nguvu na vita vya karne ya 19, na Wanandi wakaja kulisha mifugo yao humu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ikawa tayari kuutoa uwanda huu uwe makao ya Wayahudi wa Ulaya. Tume ikaja, ikakagua, na mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwaka 1905 ukaikataa zawadi hiyo. Wanandi hawakuulizwa. Oktoba 19 mwaka huohuo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani.

Baada ya hapo njia ilikuwa wazi kwa walowezi. Makaburu wapatao 258, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa mwaka 1908, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru, na mwezi wa Agosti wakaanza kupanda milima kwa magari ya kukokotwa na maksai. Walikata miti, wakazama matopeni, wakafika Sergoit Oktoba. Leo safari ya Nakuru hadi Eldoret ni ya saa chache, na abiria hulalamika matatu ikisimama mara moja zaidi ya alivyotarajia.

Reli ilipojengwa miaka ya 1920 haikupita hapa. Kutoka kilele cha Timboroa, mita zaidi ya 2,700 juu ya usawa wa bahari, ilizungukia Ainabkoi na Kipkabus, ikafika Eldoret mwaka 1924. Wakati huo bila shaka ilionekana kwamba vituo hivyo ndivyo vingekuwa miji. Lakini abiria waliihama reli, wakahamia mabasi, mizigo ikafuata malori, na Burnt Forest, iliyoachwa kando, ikajikuta katikati ya mambo. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa na kuuzwa, mengine kupitia vyama vya ununuzi wa ardhi, na Wakalenjin na Wakikuyu wakawa majirani wa ua mmoja. Wote walilima viazi, wote walikama, na wote walihitaji mahali pa kuuzia.

Anayetaka kuielewa Burnt Forest asimame pale gari la viazi linapopakiwa. Viazi ni shangi, aina inayopendwa kwa sababu huiva upesi shambani na jikoni. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa neti juu na kuongezwa viazi vingine mpaka liote kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini dalali hulipa kwa gunia, wala si kwa kilo, na mkulima ambaye mazao yake yataoza akiyarudisha nyumbani hana ubavu wa kubishana. Nionavyo mimi, huo ni wizi uliozoeleka. Hatua chache kutoka hapo kuna mama mwenye mursik, maziwa ya kugandishwa, ndani ya sotet, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Maziwa humiminika mazito, yakiwa na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Yeye kipimo chake ni kikombe, na kikombe hakioti kichwa.

Soko hili limefungwa kwa damu zaidi ya mara moja. Desemba 1992, siasa za vyama vingi ziliporejea, Burnt Forest ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa vibaya na mapigano ya kikabila. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zilichomwa tena, na waliofurushwa wakaishi kambini hadi serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, Mei 2008. Aliyefanya kazi ya subira hapa ni Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret, aliyehudumu kuanzia 1990 hadi kifo chake mwaka 2017. Njia yake, aliyoiita Amani Mashinani, haikuanza na mikutano ya hadhara. Ilianza na watu wachache wa kila upande, wakasikilizana kwanza wao kwa wao, kisha wakaketi pamoja, na mwisho wakapewa kitu cha kujenga kwa pamoja: barabara, josho, shule. Wanasiasa waliitwa baadaye, na nadhani hapo ndipo palipokuwa na akili yake kubwa.

Sasa barabara inabadilika tena. Upanuzi wa kutoka Rironi, karibu na Nairobi, uliozinduliwa mwishoni mwa 2025 na kukabidhiwa kwa sehemu kubwa kampuni za Kichina, unaishia Mau Summit, kabla ya kufika kwetu. Ukisogezwa hadi Eldoret siku moja, vibanda vilivyo kwenye hifadhi ya barabara ndivyo vitakavyovunjwa kwanza. Basi liendalo kasi halinunui karoti dirishani, na wenye vibanda wangependa kujua mapema mabasi hayo yatatengewa wapi pa kusimama.