Kama Wangeshuka Tanga Siku ya Kwanza



Wale tuliokuwa kidato cha tano mwaka 1977 watakumbuka mdahalo wa Jumamosi jioni bwaloni, taa zikififia kwa sababu jenereta ilikuwa na ugonjwa wake wa kawaida. Mwalimu wetu wa historia aliiandika hoja ubaoni kwa mkono wake: kama Waingereza wangeshuka Tanga siku ya kwanza, vita vya Afrika Mashariki vingekwisha mwaka ule ule wa 1914. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kutetea. Tulishinda kwa kura nyingi, nikabebwa juu juu mpaka bwenini. Mhariri aliponiomba niandike kitu cha kumbukumbu kwa ajili ya mkutano wetu, sikufikiria uji wa shule wala kengele ya alfajiri. Nilifikiria mdahalo ule, kwa sababu tangu siku ile nimesoma zaidi, na sina hakika tena kama nilistahili kubebwa.

Kwanza nieleze mambo yalivyokuwa, kwa faida ya vijana. Mnamo Oktoba 1914 jeshi la watu wapata 8,000 liliondoka Bombay chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wengi wao walikuwa Wahindi, pamoja na kikosi kimoja cha Waingereza kutoka Lancashire. Kazi yao ilikuwa kuiteka Tanga, mwanzo wa reli ya Usambara iliyokwenda mpaka Moshi. Walikaa baharini majuma kadhaa, wamebanana melini, wengi wakiugua kwa mawimbi.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari iitwayo Fox ilitangulia peke yake bandarini. Hapo ndipo kichekesho kinapoanza, ingawa ni kichekesho cha kulia. Mwezi Agosti wanamaji wa Kiingereza walikuwa wamekubaliana na Wajerumani wa Tanga kwamba mji usipigwe. Mapatano hayo serikali ya London haikuyakubali, lakini nahodha wa Fox, Caulfeild, aliona si uungwana kushambulia bila kutoa taarifa. Basi akamwita mkuu wa wilaya, Bwana Auracher, akamwambia mapatano yamekwisha, bendera ishushwe katika muda wa saa moja. Akamwuliza pia kama bandari imetegwa mabomu ya majini. Auracher akajibu kwa namna iliyomfanya nahodha aamini kuwa yamo, akarudi pwani, akavaa sare zake za jeshi, akaenda kujiunga na askari. Simu ilikuwa imekwisha fika Moshi kwa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Bandari haikuwa na bomu hata moja.

Mjini kulikuwa na kampuni moja hivi ya askari. Watu 8,000 melini, kampuni moja nchi kavu! Lakini Fox ilirudi kwenye msafara, maji yakaanza kufagiliwa kutafuta mabomu yasiyokuwapo, na jeshi likashushwa usiku si gatini, bali Ras Kasone, penye majabali na mikoko, mwendo wa maili mbili hivi kutoka mjini. Alfajiri ya tarehe 3 vikosi viwili vilijaribu kuingia mjini vikarudishwa nyuma. Wakati huo treni zilikuwa zinateremka kutoka Moshi, kampuni baada ya kampuni. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow mwenyewe alifika, akapanda baiskeli akapita katika mitaa mitupu ya Tanga mpaka karibu na bandari, akaziona meli zinawaka taa kama mji wa sikukuu. Tarehe 4 mchana Aitken aliposhambulia kwa nguvu zote, alimkuta Lettow na watu wapata 1,000 wakimngoja.

Ya nyuki kila mtu anayajua. Mizinga ilikuwa imetundikwa mitini, risasi zikaipasua, nyuki wakatoka. Magazeti ya Uingereza yalidai Wajerumani waliwafundisha nyuki, neno ambalo mrina asali yeyote wa kwetu angelicheka. Nyuki waliwauma wa pande zote mbili. Nalitaja kwa sababu katika mdahalo nililitumia kuwachekesha wasikilizaji, na kicheko kile kilinipa kura.

Tarehe 5 Waingereza walipanda meli zao. Walikuwa wamepoteza watu zaidi ya 800, waliokufa na waliojeruhiwa, na wameacha ufukoni mamia ya bunduki, bombomu kadhaa na risasi zaidi ya laki tano. Upande wa pili walikufa Wajerumani wapata 15 na askari Waafrika zaidi ya 50. Miongoni mwa Wajerumani hao alikuwamo Tom von Prince, yule ambaye wazee wa Uhehe na Usambara walimwita Bwana Sakarani.

Katika bwalo lile hoja yangu ilikuwa nyepesi. Fox ingeingia gatini asubuhi ile bila kubisha hodi, watu 8,000 wangekula chakula cha mchana Tanga, reli ingekatwa, Lettow angebaki Moshi kama samaki aliyekatiwa maji. Nikaongeza jambo ambalo wengi hawakulijua wakati ule: usiku wa tarehe 4, baada ya mapigano, tarumbeta ya Wajerumani ilisikika vibaya, kampuni karibu zote zikadhani zimeamriwa kurudi kambini, zikaondoka mjini kwenda Kange. Ndiyo Kange hiyo hiyo ambako leo mnapanda mabasi. Kwa saa kadhaa Tanga ilikuwa tupu, na Aitken hakujua. Angetuma hata doria moja yenye macho!

Msemaji mkuu wa upande wa kupinga alikuwa kijana mpole wa kitanda cha jirani yangu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Na kama yule Mjerumani hakwenda vitani ili ashinde?"

Sikulijibu. Badala yake nilisimama nikasimulia habari za kaka yake babu yangu, aliyechukuliwa upagazi mwaka 1917 akiwa kijana, akapelekwa kusini, asirudi. Nyumbani kwetu hana kaburi. Nikasema kwamba kama nahodha mmoja asingebisha hodi Tanga, mzee yule angekufa kitandani mwake akizungukwa na wajukuu. Bwalo zima lilinyamaza, kisha likapiga makofi. Nakiri leo kwamba nilimtumia marehemu kufunika swali nisilolimudu.

Sasa nilijibu, nimechelewa.

Kijana yule alikuwa ameliona jambo kubwa. Lettow hakutarajia kuishinda Uingereza hapa Afrika. Nia yake, naye aliieleza wazi baadaye, ilikuwa kuwavuta askari wengi kadiri iwezekanavyo waje kumfukuza, wasipelekwe Ulaya. Mtu wa namna hiyo humkomeshi kwa kumnyang'anya mji. Nasi hatuna haja ya kubahatisha, kwani miji alinyang'anywa kweli. Jenerali Smuts alikuja mwaka 1916 na jeshi kubwa. Tanga ilitekwa Julai 1916, Dar es Salaam Septemba, Tabora ikaingiwa na Wabelgiji mwezi huo huo. Je, vita vilikwisha? La hasha! Lettow alikwenda kusini, akavuka Ruvuma Novemba 1917, akazunguka Msumbiji, akarudi, na akaweka silaha chini Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya.

Kwa hiyo hoja kama ilivyoandikwa ubaoni ilikuwa ya uongo, nami niliishinda kwa uongo.

Lakini nisijinyime haki yangu yote. Lettow wa mwaka 1916 hakuwa Lettow wa asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914. Siku ile alikuwa bado hajashinda vita vikubwa, na aligombana na Gavana Heinrich Schnee, aliyetaka koloni likae nje ya vita na miji ya pwani isipigwe. Lettow alikwenda Tanga kinyume cha maoni ya gavana wake. Angeshindwa pale, huenda Schnee angepata sauti. Aliposhinda, hakuna aliyeweza kumzuia tena. Halafu kuna suala la silaha. Askari wengi walikuwa na bunduki za zamani zenye baruti ya moshi, zinazomwonyesha adui mahali ulipo. Bunduki walizoziokota Ras Kasone zilikuwa za kisasa. Na Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens iliponyoka kizuizi cha Waingereza, ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini kidogo tu ya Tanga. Ilipigwa na manowari, lakini sehemu kubwa ya bunduki na risasi zake iliopolewa ikamfikia Lettow. Kama Waingereza wangekuwa wamekaa Tanga, nani angeopoa kitu Manza? Risasi hizo ndizo alizopigania miaka iliyofuata. Nadhani, basi, angekimbia vile vile, ila kwa mikono mitupu zaidi, na asingefika 1918.

Je, kaka yake babu angepona? Hapa ndipo nilipokwama miaka mingi. Kumfukuza mtu porini, mahali ambapo mbung'o huua ng'ombe na farasi, kulitaka wapagazi, awe ana risasi nyingi au chache. Kila mzigo wa unga uliomfikia askari wa mbele ulitembea juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo naye alikula njiani. Upande wa Waingereza peke yake vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vilizidi 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa sawasawa. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku tukienda sokoni ni jina la kikosi chao kwa Kiingereza, lililolainishwa na ndimi zetu. Ugogo, baada ya majeshi yote mawili kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana, ilifuata njaa ambayo wazee waliiita Mtunya.

Uamuzi ambao ungewaokoa watu hao, kwa maoni yangu, haukufanyika Tanga hata kidogo. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na vifungu vilivyoruhusu nchi za bonde la Kongo, na koloni hili likiwamo katika mipaka yake, zisiingizwe katika vita vya wakubwa wa Ulaya. Schnee alivitegemea. London haikuvitaka, Lettow hakuvitaka. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari Astraea ilipiga mnara wa simu ya upepo Dar es Salaam, na karatasi ile ikabaki karatasi. Kuhusu siku hiyo katika bwalo letu hakuna aliyesema neno, si mimi, si yule mpinzani wangu, wala mwalimu.

Mpinzani wangu yupo katika ile picha ya darasa iliyotundikwa ofisini, safu ya tatu, wa pili kutoka kushoto. Nasikia atakuja kwenye mkutano. Nimekwisha mwandikia barua kumwambia kwamba ninataka turudie mdahalo, safari hii yeye azungumze kwanza, nami nitalijibu swali lake bila kumtaja marehemu wa nyumbani kwetu.