Shahidi si mwathiriwa

Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huitwa kwa Kifaransa «ville martyre», hasa tangu Vita vya Siku Sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji usio wao. Ukitaka kulifasiri jina hilo, kalamu inasita: mji shahidi, mji mhanga au mji mwathiriwa?

Filamu ya kutisha ya Mfaransa Pascal Laugier, Martyrs (2008), imejengwa juu ya swali hilohilo. Kikundi cha siri kinawatesa wasichana, na bibi anayekiongoza anaeleza kwamba kumpata mwathiriwa ni rahisi: mfungie mtu gizani, mpige, atavunjika. Anayemtafuta yeye ni yule atakayeyavuka mateso na kuona kitu. Mwishoni filamu inakumbusha asili ya neno «martyr» katika Kigiriki: aliyeona, anayetoa ushahidi.

Kiswahili hakikuhitaji kukumbushwa. Shahidi, neno la Kiarabu, ni anayesimama mahakamani na pia aliyeuawa kwa imani. Mfiadini linamfaa Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964; halimfai mama aliyeangukiwa na bomu akipika sombe. Mhanga nalo lina mtego: anayejitoa mhanga amechagua, mhanga wa ajali hakuulizwa.

Je, mwathirika? Sikiliza mwisho wa kitenzi: kikombe kimevunjika, wala hatuambiwi nani kakivunja. Mwathiriwa, kwa ile -wa yake, hukufanya uulize: na nani? Swali hilo lilifika The Hague, na mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325.

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, katika En route pour le milliard (2020) anafuatana na manusura wa Vita vya Siku Sita waliokatwa viungo, wakishuka mto hadi Kinshasa kudai fidia, mvua ikiwapiga juu ya chombo chini ya turubai. Kwa Laugier, aliyeona anamnong'oneza mtesaji wake, basi. Hawa, kwa magongo yao, wanakwenda kupaza sauti mbele ya bunge.

Kwa hiyo napendekeza: aliyetendewa ni mwathiriwa, akisimama kueleza aliyoyaona, ni shahidi, hata kama hajafa. Kisangani iitwe mji shahidi, mradi isikilizwe inaposema.